Mali Imehama

Mashine ikilia, mgomba unaanguka. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria mpya nyumbani kwa Ephraimu, juu ya barabara iendayo Momela, nayo ilikuwa na nguvu kuliko amri kumi za Mungu. Amri kumi Ephraimu alizivunja alipojisikia. Mashine aliitii siku zote.

Asubuhi hiyo alikuwa ameshaivaa. Mkanda umepita begani, kisanduku kimekaa kiunoni, mkono umeshika fimbo ndefu ya chuma, na mwisho wa fimbo ipo sahani pana nyeusi inayoning'inia juu ya ardhi bila kuigusa. Masikioni alibana spika kubwa. Waya wa spika hizo ulikatika zamani, sauti yote ilitokea kwenye kisanduku na kila mtu aliisikia, lakini bila spika masikioni Ephraimu angeonekana mtu wa kawaida, na hilo hakulitaka. Alipita kati ya migomba ya kihamba chake, shamba la ukoo lililozunguka nyumba, akinyanyua miguu juu juu kama kuku aliyekanyaga majivu ya moto. Nyuma yake walifuata vibarua wawili, mmoja na sururu, mwingine na panga.

Mashine ikalia. Piiiii.

"Hapa," alisema Ephraimu.

"Jana ulisema pale," alisema mkewe Magdalena. Alikuwa amesimama kando na beseni la maganda ya ndizi ya kulisha mbuzi mkononi.

"Jana ilikuwa pale. Leo ni hapa."

"Baba Hope, hebu niambie ukweli. Kuna mahali katika kihamba hiki ambapo hiyo kitu hailii?"

"Mali ni nyingi," Ephraimu alijibu bila kugeuka. "Mjerumani aliyeizika hakuwa maskini kama ukoo wenu."

Vibarua wakacheka. Magdalena akafyonza. Wangekuwa na mali ya kujaza mlima mzima, Wajerumani hao wangekimbia vita kwa nini? Si wangewanunua Waingereza wote wakawaweka kulisha ng'ombe! Lakini ukimwambia Ephraimu jambo kama hilo anakutazama kwa huruma, kama mwalimu anayemtazama mtoto aliyekojoa darasani.

Panga likapanda, likashuka. Mgomba ukalala na mkungu wake mchanga. Wakachimba mpaka kiunoni, wakapata mawe, na chini ya mawe wakapata udongo, na chini ya udongo mawe mengine.

Ukitaka kumjua mwanamume huyu vizuri, tazama alichokuwa anakata na alichokuwa anaacha. Kahawa hakuigusa. Mibuni ya babu yake ilisimama palepale, imezeeka, imejaa kutu ya majani, na tangu soko liachiwe huria bei yake haikutosha hata kununulia dawa ya kuipulizia. Lakini kahawa ni ya mwanamume, hiyo ndiyo mila, na tena kuing'oa ni kosa serikalini. Ndizi ni za mwanamke. Ndizi ndizo zilizomlisha Ephraimu, ndizo zilizopanda gari kwenda sokoni Usa River zikarudi sabuni, chumvi na madaftari ya watoto. Kwa hiyo Ephraimu alikata ndizi. Mtu hukata cha mwenzake akaita ujasiri.

Mashine yenyewe, ya kutafutia madini chini ya ardhi, ilikuwa kiinua mgongo chake chote. Kiwanda cha serikali mjini kilipouzwa, walipunguzwa kwa mamia, na kila mmoja alitoka na bahasha na mpango wake. Wengine walinunua cherehani, wengine mitumba. Ephraimu aliona hayo ni mambo ya watu wenye akili fupi. Alipita mtaa wa Sakina, kwenye banda la Ebenezer aliyefanya naye kazi kiwandani, ambaye sasa aliuza vitu vilivyotumika Ulaya: friji, magodoro, baiskeli za watoto wa Kizungu. Akaiona mashine imeegemea friji. Ebenezer akaitupia kijiko, ikalia. Ephraimu akalipa hapohapo, asije akawahiwa na mwingine.

Wakati huo migomba ya Magdalena ilikuwa shamba zima. Sasa ulibaki ukanda mmoja tu wa juu, wa mshare, ndizi za kupikia supu ya mtori, alizozipanda mwenyewe alipoolewa. Zilikuwa zimekaribia kukomaa. Zikianguka hizo, hapana kitu kingine. Siyo kwamba wangekula kidogo. Wasingekula.

*

Ebenezer alikuja siku ya Alhamisi, amevaa koti katika jua lile, na viatu vya kuchongoka ambavyo kila hatua vilimsaliti kwenye udongo uliofukuliwa. Ephraimu alimkalisha kwenye kiti chenye kitambaa.

"Mama Hope, mletee mgeni soda."

Magdalena akamwangalia mumewe. Soda! Akaenda kukopa chupa dukani huku muuza duka akimwuliza kwa sauti ya watu wote, "Ehe, mmeshafika kwenye boksi la dhahabu, au bado mko kwenye mawe?" Akaibeba soda chini ya kanga.

Aliporudi alikuta mgeni anafundisha.

"Sikiliza, Ephraimu. Mashine ya Mzungu ina akili kuliko mtu. Hii swichi ya kushoto ni ya kuwashia. Hii ya kulia ni sauti. Hii ya katikati," Ebenezer akaweka kidole juu yake pasipo kuigusa, "hii mwiko. Ilivyokuja ndivyo ikae. Aliyeiweka hivyo ni fundi wa kwao."

"Si niliibandika plasta tangu siku ile," alisema Ephraimu kwa fahari. Kweli, swichi ya katikati ilikuwa imefungwa kwa plasta ya kidonda, imezungushwa mara nyingi, imechafuka.

"Vizuri sana. Ukiigusa hiyo umeiua."

"Samahani, shemeji," alisema Magdalena akiiweka soda mezani. "Hiyo swichi inafanya kazi gani?"

Ebenezer akanywa kwanza. Akanywa tena.

"Hiyo ni ya kitaalamu," alisema.

Basi, jibu ndilo hilo. Ephraimu akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba yeye ameelewa.

"Ila mimi nimejaribu kitu," Magdalena aliendelea. Akatoka, akarudi na beseni lake la plastiki limejaa udongo wa shimoni. "Baba Hope, iwashe. Haya, shusha hapa kwenye udongo."

Ikalia.

Akaumwaga udongo nje, akalipangusa beseni kwa kanga, akaliweka palepale. "Shusha tena."

Kimya.

"Mnaona? Hamna dhahabu humu. Ni udongo unaolia. Udongo wetu wenyewe una chuma. Hata sumaku ya spika ya redio ukiiburuta hapo nje inatoka na ndevu nyeusi. Kila mtoto anajua."

Wanaume wawili wakatazamana. Kisha Ephraimu akacheka, akacheka hasa, mpaka akajifuta macho.

"Huo udongo umeutoa wapi?"

"Shimoni."

"Aa! Shimoni, kando ya mali. Umelala na mali miaka themanini. Si lazima unuke mali? Nguo ukiiweka jikoni si inanuka moshi?"

"Shemeji umetusaidia sana," alisema Ebenezer kwa upole. "Maana yake tumekaribia."

Kuna ujinga unaoweza kuujibu, na kuna ujinga uliokwenda shule. Magdalena aliliokota beseni lake. Wakati anatoka alimsikia mumewe akisema kwamba Jumamosi wataingia kwenye ule ukanda wa juu, wa mshare, na safari hii wachimbaji watakuwa wengi. Nusu ya kijiji imeshapewa habari. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, alisema Ephraimu, na Ebenezer akaitikia, "Hakika."

*

Ijumaa Ephraimu alishuka Usa River kununua betri. Mashine aliilaza kitandani, upande wake Magdalena wa kitanda, na kuifunika shuka.

Magdalena alimaliza kukamua mbuzi, akanawa mikono, akaingia chumbani, akaifunua. Hakuwa na hofu yoyote. Alikuwa na hasira tu, na hasira ilimfanya awe mtulivu. Akaibeba mpaka juu, katikati ya mshare wake, akawasha kama alivyomwona mumewe anafanya, nayo ikalia papo hapo kama mtoto aliyeonewa.

"Lia," aliiambia. "Lia leo, utanyamaza."

Akabandua plasta.

Alizungusha swichi ya katikati kidogo kwa upande wa kulia, akashusha sahani karibu na ardhi. Kelele ikazidi. Akarudisha kushoto. Akainua, akashusha. Sasa ilizidi kidogo tu. Akarudisha tena kushoto, akapitiliza, na hapo ikawa kinyume: akishusha, sauti inazama. Loo! Kumbe ni kama kutafuta stesheni. Hakuna aliyehitaji kuwa Mzungu kwa hilo. Akawa anainua na kushusha, anainua na kushusha, mkono mwingine unaibembeleza swichi, mpaka ikafika mahali ambapo juu au chini, sauti ni ileile moja, mvumo mdogo wa nyuki walio mbali. Akatembea nayo mgomba hadi mgomba. Mvumo uleule. Akatoa kijiko mfukoni, akakitupa chini. Piiiii! Akakifukia kwa mguu. Piiiii! Akakiondoa. Nyuki.

Aliupita ukanda wote. Ililia mahali pamoja. Akachimbua kwa kidole cha mguu na kupata kizibo cha soda.

Magdalena alikaa chini akacheka peke yake. Migomba mingapi imelala kule chini, vibarua wangapi wamekula ugali wake, watoto wameitwa wana wa Mjerumani shuleni, na yote haya kwa sababu ya swichi ambayo haikutaka chochote ila kugeuzwa! Na mtu mzima, baba wa watoto watatu, mzee wa kanisa mtarajiwa, ameifunga plasta kama kidonda.

Alifikiri kumwambia. Alifikiri muda mfupi sana. Ukimwambia Ephraimu kwamba umegusa, atairudisha ilivyokuwa, kwa sababu kelele alizilipia na kimya hakukilipia. Akaibandika plasta tena, ileile chafu, akaizungusha vilevile, akailaza mashine kitandani na kuifunika shuka.

*

Jumamosi watu walikuja kama wanakuja harusini. Walikuja na sururu, na wengine walikuja na mikono mitupu ila midomo wameileta. Ebenezer naye alikuwepo na koti lake. Kutoka ng'ambo ya mfereji alikuja Nalepo, mama wa Kiarusha aliyeolewa huku Umeruni akafiwa na mume mapema, akabaki na kihamba kidogo na migomba yake. Nalepo ndiye aliyemkanda Magdalena kwa maji ya moto alipojifungua Hope, na kumpikia mtori, na kumkataza kuinuka kitandani. Mama yake mzazi alikuwa mbali. Huyu alikuwa karibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo ndiyo leo?"

"Ndivyo wanavyosema," alijibu Magdalena, na kicheko kikamjaa tumboni akakizuia.

Ephraimu alisimama mbele ya mshare. Akavaa spika. Akakohoa. Akawasha.

Nyuki.

Akatembea. Mgomba wa kwanza, nyuki. Wa pili, nyuki. Akapiga hatua ndefu, akayumbisha sahani kulia na kushoto kama anafyeka, akarudi nyuma, akaanza upya. Jasho likatoka. Mtu mmoja nyuma alisema, "Labda Mjerumani amelala," na kicheko kikapita katika umati. Ephraimu akajifanya hakusikia, ingawa kila mtu aliona shingo yake imekaza.

"Betri," alinong'ona Ebenezer.

"Mpya! Nimenunua jana!"

Ebenezer akatupa funguo zake chini. Piiiii! Watu wakaruka. Akaziokota. Kimya. Akazitupa tena. Piiiii! Magdalena aliona mambo haya kwa raha ambayo hakuwahi kuipata hata siku ya harusi yake. Semeni sasa, aliwaza. Semeni mbele ya watu kwamba hapana kitu.

Ebenezer alitazama watu wale wote. Bandani kwake Sakina kulikuwa na mashine nyingine mbili kama ile, na nusu ya wanunuzi aliowatarajia walikuwa wamesimama hapa. Akasafisha koo.

"Mashine ni nzima," alitangaza. "Mmesikia wenyewe. Mali imehama."

"Aaaa!" waliitikia watu. Na hapo hakuna aliyecheka tena, maana hilo kila mtu alilijua. Mali ya Mjerumani ikitukanwa huondoka. Inatembea chini kwa chini. Wazee wawili walitikisa vichwa, na macho, moja baada ya jingine, yakamgeukia Magdalena na mdomo wake.

"Nilijua," alisema Ephraimu, na damu ikamrudia usoni. "Kuna mtu humu ndani amekuwa akiikebehi. Haya, tuifuate!"

Akashuka, umati nyuma yake. Chini kidogo, kimya. Kando ya zizi, kimya. Wakaruka mfereji. Huko ng'ambo kihamba cha Nalepo kilikaa kwenye mdomo wa korongo, mahali ambapo kila mvua ya masika ilishusha mchanga mweusi wa mlimani, ule unaometameta juani, ukatanda chini ya migomba. Ephraimu alikanyaga hapo, akashusha sahani.

Ikapiga kelele ambayo haikuwahi kuipiga. Ikapiga tena. Kila alipoishusha.

Watu walishangilia mpaka mbwa wakabweka. Mtu akamnyanyua Nalepo juu. Magdalena, bado yuko upande wake wa mfereji, alielewa kabla hawajamaliza kushangilia. Aliipatanisha mashine na udongo wake, siyo na udongo wa Nalepo. Kule ingetaka igeuzwe tena kidogo. Kazi ya muda wa kumenya ndizi.

"Mama Hope!" Ephraimu aliita kutoka ng'ambo, anang'aa. "Si una maneno sana wewe? Unasemaje sasa?"

Watu wote wakageuka. Angeweza kusema. Beseni lilikuwa palepale mlangoni, kijiko kilikuwa mfukoni. Angeuvuka ule mfereji wa hatua moja, angebandua plasta, na mashine ingenyamaza mbele ya kijiji kizima. Halafu? Halafu Ephraimu angejua nani aliigusa. Angeirudisha ilivyokuwa, wangerudi wote upande huu na sururu zao, na kabla ya jua kuzama mshare ungekuwa chini.

"Niseme nini mimi?" alisema Magdalena. "Nyie ndio mnaojua."

Na huyu ndiye aliyekuwa akimcheka mumewe.

*

Makubaliano yalikuwa nusu kwa nusu, na mwenye shamba awalishe wachimbaji. Nalepo alikubali kabla hawajamaliza kutamka. Siku ya kwanza wakaangusha migomba ya upande wa korongo. Magdalena aliisikia akiwa jikoni. Mgomba ukianguka hautoi sauti kubwa, ni kama mtu mnene anayekaa chini, lakini alizisikia zote. Siku ya pili akazisikia. Siku ya tatu, mchana, hakuweza tena. Akachukua beseni lake, akavuka.

Alimkuta Nalepo anapika makande kwenye sufuria ya kukopa, sufuria ya misiba, kwa ajili ya wachimbaji. Nyuma yake ilikuwa ardhi iliyofunuliwa na jua limeingia mahali ambapo halikuwahi kuingia. Uso wa Nalepo ulikuwa wa msichana.

"Karibu, mwanangu! Kaa. Wamesema leo mashine inalia kwa sauti nene."

"Mama, waambie waache."

"Waache nini?"

"Kuchimba. Hamna kitu hapo. Ni udongo. Udongo wako una chuma, ule mchanga mweusi. Mashine inalia udongo. Nitakuonyesha kwa beseni hili, mwite Baba Hope aje nayo..."

Nalepo aliacha kukoroga. Akamtazama Magdalena, kisha akalitazama beseni, kisha akamtazama tena, na furaha ikamtoka usoni taratibu.

"Kwako ililia mwezi mzima," alisema. "Mwezi mzima, Mama Hope. Mimi nilikuja na beseni?"

"Mama, siyo hivyo."

"Nilikuja kukwambia ni udongo? Nilikuja nikakuombea. Niliomba kwa Mungu wa kanisani na yule wa zamani, nikasema huyu binti apate. Kwangu imelia siku tatu tu umeshindwa kulala."

"Ni mimi niliyeigusa!" Magdalena alisema kwa nguvu, kisha akashusha sauti, akaangalia kule walikokuwa wachimbaji. "Ijumaa. Niligeuza ile swichi ya katikati ili inyamaze kwangu. Nilitaka waache mshare wangu. Sikujua kwamba kwako italia. Kweli mama, sikujua. Ila Jumamosi niliposimama pale nilijua, na sikusema."

Makande yalichemka. Magdalena alingoja atukanwe, na alitamani atukanwe. Maneno yoyote mabaya yangekuwa dawa.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeifukuza kwako," alisema Nalepo polepole, "ikaja kwangu?"

"Mama..."

"Ulikuwa huitaki."

"Haikuwepo! Hakuna kilichokuja!"

Lakini Nalepo alikuwa ameshamshika mikono yote miwili, na machozi yakimlengalenga. "Mungu akubariki, mwanangu. Unisamehe nilivyokudhania wivu. Kumbe ni mkono wako! Tangu alipokufa mume wangu hakuna mtu aliyewahi kunipa kitu. Tukitoboa, sitakusahau. Nakuapia mbele ya Engai, yule Mungu wa zamani, sitakusahau."

Kule nyuma panga likapiga. Mmoja zaidi ukakaa chini.

Magdalena alitazama mikono iliyoshika yake, mikavu, yenye utomvu wa migomba ambao hautoki kwa sabuni. Angesema tena. Angekaa hapo mpaka jioni aseme, amvute Ephraimu kwa shati, ageuze swichi mbele ya kila mtu. Mdomo ukafunguka.

"Usimwambie Baba Hope," ndicho kilichotoka. "Kwamba niliigusa. Tafadhali, mama."

"Simwambii," alisema Nalepo. "Hiyo ni siri yetu."

*

Ephraimu alirudi jioni anapiga mluzi. Siku hizi aliitwa "injinia" na alikuwa anaitika. Watu wawili wa kijiji cha juu walikuwa wameshamwomba akimaliza kwa Nalepo apite na kwao, na Ebenezer alituma neno kwamba wafanye kazi pamoja, mmoja apime, mwingine auze. Begani alibeba mkungu wa ndizi. Akautua jikoni, mbele ya miguu ya mkewe.

"Zawadi yako," alisema. "Bibi amenisisitiza. Anasema nikupe wewe, mkononi mwako, nisimpe mtu mwingine. Sijui mna mambo gani nyie wanawake." Akaketi, akanyoosha miguu. "Unaona sasa? Nilikwambia. Mtu akiwa na subira hata jirani anaheshimu."

Ulikuwa mkungu mchanga, umekatwa miezi miwili kabla ya wakati wake, vidole vyake vyembamba vya mtoto. Nje, juu kidogo, mshare wa Magdalena ulisimama wote, haukupungua hata mmoja, na upepo uliyapiga majani yake. Alikuwa amekipata alichokitaka.

Alichukua kisu, akapaka mikono mafuta, akaanza kumenya. Ndizi zilitoa maji zaidi ya utomvu. Zilichemka bila kuiva vizuri na zilikuwa na uchungu, akaongeza chumvi. Akapakua. Ephraimu alikula anaongea. Watoto walikula wanamsikiliza. Hope, mkubwa wao, alionja kijiko kimoja akakunja uso, akasogeza sahani.

"Mama, hizi si zetu. Zetu haziko hivi. Hizi za bibi?"

"Ndiyo."

"Si bado changa? Bibi atakula nini?"

Ephraimu akacheka. "Bibi ataanza kula nyama, muda si mrefu."

Hope hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake na kungoja jibu, kwa sababu siku zote katika nyumba ile jibu la maana lilitoka kwa mama.

Magdalena akairudisha sahani mbele ya mtoto.

"Kula," alisema. Akachota kijiko chake mwenyewe, kikubwa, akakiweka mdomoni, akatafuna.